Mwalimu Priscillah na Mti wa Maziwa

Ijumaa tarehe 1 Agosti 2025, shule ikifunga muhula wa pili, Mwalimu Priscillah Wambugu ataweka chaki chini baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha sayansi katika shule yetu hapa Kimulot. Mimi mwalimu wa kilimo nimekaa naye meza moja kwa zaidi ya miaka ishirini, nikinywa chai ya chupa yake, kwa hivyo kazi ya kuandika machache kumhusu imeniangukia. Machache hayatatosha, lakini nitajaribu.

Alizaliwa Londiani, ambako wazazi wake, waliotoka Nyeri, walilima viazi. Aliripoti hapa mwaka wa 1991 akiwa amevaa sweta mbili kwa mpigo, eti aliambiwa Kimulot kuna baridi. Mtu wa Londiani kuogopa baridi ya kwetu! Walimu wa wakati huo walimcheka hadi wakasahau kumwonyesha darasa lake.

Muhula huohuo aliteleza. Akifundisha Darasa la Saba usafi wa chakula, alisema maziwa yenye vumbi jeusi ni machafu na yamwagwe. Kitabu ndicho kilichosema. Jioni msichana mmoja, Chepngeno, akakataa mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, mbele ya mama yake. Asubuhi mama alikuwa mlangoni mwa ofisi, kibuyu mkononi.

“Mwalimu, wewe ndio umeambia watoto maziwa yetu ni chafu? Leo jioni kuja kwangu uone vile tunatengeneza, halafu utafundisha.”

Priscillah alienda. Akaona tawi la mti uitwao senetwet likichomwa, kaa lake likisagwa ndani ya kibuyu, kisha maziwa yakamiminwa na kufungwa yakae siku kadhaa bila kuharibika. Akaonja, akaomba aongezewe. Kesho yake alisimama mbele ya darasa akasema alikosea, jambo ambalo sisi walimu, tuseme ukweli, hulifanya kwa nadra sana.

Kisha akawatuma wanafunzi watafute senetwet. Walirudi na vijitawi vichache tu, kwa kuwa kila mteremko ulikuwa umepandwa chai. Hapo ndipo alipoanza somo ambalo watu wazima wa hapa bado wanalikumbuka. Aliwapa kamba, wakazungusha mraba katikati ya majani chai na kuhesabu mimea iliyomo, kisha mraba kama huo ukingoni mwa msitu wa Mau. Kwenye chai hesabu iliisha upesi. Msituni walihesabu hadi kengele ya chakula cha mchana, na bado kulikuwa na siafu, uyoga na vipepeo ambavyo hakuna aliyevihesabu. Mbegu za senetwet wakazipanda kwenye kona yenye maji nyuma ya shule. Miti ilipokua, akina mama walikuja kukata matawi, naye akisimamia kama askari: tawi ruhusa, shina hapana.

Si kwamba kila kitu kilienda sawa. Siku alipowaambia wanafunzi walete mmea unaofaa watu, mvulana aitwaye Kipsang alifika na mche wa chai begani, mizizi na udongo vyote, na nyuma yake baba yake, Alexander, akitweta. “Huyu ameng'oa chai yangu ndio apate maksi!” Mzee alitulizwa kwa kikombe cha chai, akaketi dawati la nyuma, akasikiliza somo la mizizi hadi mwisho. Tangu hapo sheria ikawa jani moja tu.

Sasa nifike mahali pagumu. Januari ya 2008, baada ya uchaguzi, majirani wa makabila tofauti waliogopana. Mwalimu Priscillah aliondoka alfajiri kwa lori, na mfuko mmoja wa nguo, akaenda kwa shangazi yake Othaya, huko Nyeri, mji ambamo hakuwahi kuishi. Shule zilipofunguliwa, meza yangu ilikuwa na kiti kitupu. Wanafunzi waliniuliza kila siku kama atarudi. Niliumia sana.

Siku moja nilimkuta Mama Chepngeno kwenye ile kona akikata tawi. Baada ya siku kadhaa kibuyu kilifungwa vizuri, kikatumwa kwa magari, dereva kwa dereva, hadi Othaya. Hakikuwa na barua. Lakini kwetu mursik humpokea mtu aliyerudi nyumbani, na Priscillah alikuwa amekaa nasi miaka ya kutosha kuelewa kwamba amekwisha kupokewa.

Yeye mwenyewe hutusimulia kwamba shangazi alipoona maziwa yenye weusi alitaka kuyamwaga, akisema ni machafu. Priscillah akamshika mkono na kumfundisha somo zima la senetwet jikoni, machozi yakimtoka. Mwezi wa Mei aliingia ofisini, akavuta kiti chake, akaniuliza ni nani aliyetumia chaki zake za rangi. Ni mimi.

Waliopita mikononi mwake ni wengi. Chemutai leo ni afisa wa misitu. Kipsang ana kitalu cha miche ya kienyeji, na baba yake ndiye mteja msumbufu kuliko wote. Mwalimu sasa anarudi Londiani kwenye viazi vya wazazi wake, nasi tunamwombea afya, mvua za wakati na wajukuu wenye maswali mengi.

Januari ile hakuna aliyemshika mkono wala kumwambia kwaheri. Ijumaa hii geti litakuwa wazi mchana kweupe, wanafunzi na wazazi watapanga mstari hadi barabarani, na kila mtu atapata nafasi ya kumuaga. Uishi vyema, Mwalimu Priscillah. Umetufundisha mengi, lakini zaidi ya yote, asante kwa kurudi.