Fundi Siri na Taa Iliyo Chini ya Kifuniko

Tunayemlaza leo ni Fundi Siri, jina alilopewa na madereva likalimeza lile la utotoni. Ni mwana wa mpiga bati aliyeezeka nusu ya mtaa huu bila kuanguka hata mara moja, mjukuu wa mhunzi aliyefua majembe mpaka macho yakafifia. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, kitinda mimba wa watoto watano. Mimi dada yake mkubwa nilishika beseni alipoogeshwa mara ya kwanza, na sijasahau.

Alianza shule mwaka 1966 akamaliza darasa la saba 1972. Hesabu aliziweza, mwandiko ulikuwa kama kuku kapita. Mwaka huo alitia balbu na betri ndani ya chemli ya mama, masizi ya kioo akayaacha vilevile. Wageni walipoondoka mama akaipuliza izime. Akapuliza mpaka akaishiwa pumzi. Alimchapa, kisha akaagiza taa hiyo ihamie chumbani kwake.

Mwaka 1975 aliingia gereji ya malori karibu na kituo cha mizigo. Wenye malori ya pua ndefu walitaka starehe za leo na sura ya jana. Basi hewa ya kiyoyozi aliitolea kwenye matundu ya hita ya zamani, spika akazilaza chini ya kiti, redio mpya ikakaa nyuma ya vifundo vya ile iliyokufa. Ukiingia ungeapa hakuna mkono uliogusa kitu tangu kiwandani.

Tarehe 6 Desemba 1980 alimwoa fundi cherehani aliyemshonea viti vya malori. Wifi yangu huyu alipitisha sindano kwenye matundu yaleyale ya mshono wa zamani, moja baada ya jingine. Marehemu akamwambia, "Wewe ndiye mwongo niliyekuwa namtafuta." Akajibiwa, "Basi njoo kwetu useme ukweli." Walijaliwa binti mmoja, naye akarithi kazi ya baba yake.

Juni 2011 alitengeneza malori mawili ya mchanga ya tajiri mmoja, la bluu na la kijani. Tajiri alisema ile taa nyekundu, inayoonya upepo wa breki ukipungua, inaharibu sura. Katika yote mawili marehemu akaiweka chini ya kifuniko cha kisahani cha majivu ya sigara. Tajiri aliambiwa. Dereva hakuambiwa, wala hakuwa mvutaji. Tarehe 19 Septemba lori la bluu liliishiwa upepo kwenye mteremko, dereva akafia palepale. Wakaguzi wakaandika breki chakavu. Marehemu alikwenda peke yake kwenye uwanja wa vyuma lori lilikotupwa, akainua kifuniko, akagusisha betri. Taa ikawaka. Kumbe mteremko mzima ilikuwa ikiwaka, dereva hana habari.

Hakumwambia mtu. Tangu hapo hakuficha tena taa ya onyo, mteja anune asinune. La kijani lilikuwa limeshauzwa. Alilitafuta Jumapili hadi Jumapili, sisi tukidhani anatafuta vipuri.

Kifua kilimshika mwaka 2023. Alikoholea kitambaa chekundu cha gereji, damu isionekane. Wifi alijua siku alipokifua, maji yakakataa kutakata. Mficha maradhi, kifo humuumbua, naye kimemuumbua. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi, wodi namba sita, kitanda cha dirishani.

Siku mbili kabla alitusimulia yote haya, akaagiza yasomwe leo. Tulitangulia kwa mjane wa dereva tukamwambia. Amekuja, ameketi mstari wa pili, nasi tunamwinamia.

Ameacha mke, binti, wajukuu wawili na dada huyu. Alale salama, hana tena cha kuficha.

Binti alimwahidi baba yake kulitafuta lile la kijani. Akamuuliza, "Na mwenye lori akikataa nisiliguse, baba?"

"Mwambie dereva wake kwanza. Halafu uitoe taa, uiweke mbele ya macho yake, hata dashibodi ikiharibika."

Lori hilo lina mkwaruzo kama mundu kwenye mlango wa kushoto. Aliyeliona amwambie binti. Amesimama pale kichwani pa kaburi, bisibisi ya baba yake mfukoni.