Yaishe ya Kwao na Yaishe ya Kwetu

Ndugu waombolezaji, marehemu shemeji yetu, ambaye wengi mlimwita Redio naye akaitika bila kinyongo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa mwashi na mkunga, katika nyumba ambamo ugomvi ulimalizwa kwa sauti, kila mtu akitoa ya moyoni, hadi mmoja acheke.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, akajifunza ushonaji, na mwaka 1969 akaajiriwa katika kiwanda cha sare, chumba cha kukatia vitambaa, ambako alielewana na kila kitu isipokuwa mkasi butu.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na kaka yetu, fundi saa, mtu wa kwetu sisi wanyamavu, maana kwetu aliyekasirika huachwa apoe, na kumfuatafuata ni kumkosea heshima. Mwaka uliofuata waligombana kuhusu kuhama, kaka akasema yaishe, akiwa na maana lisitajwe tena, shemeji akavuta kiti, kwa kuwa kwao yaishe ni mwito wa kukaa na kuzungumza, akangoja, akaona mwenzake amerudi kwenye saa zake, basi akafungasha akaenda kwao. Kaka, kwa heshima zake zote, hakumfuata, nasi tukamsifu kwa ustaarabu, hadi shangazi yake shemeji alipokuja kuuliza kama binti yao ameachwa, kaka akapigwa na butwaa, akaondoka hata duka hajafunga. Alipofika alisimama mlangoni asijue pa kuanzia, shemeji akamwamuru agombe kwanza, chakula baadaye, naye akagomba kwa kigugumizi hadi mama mkwe akashika mbavu.

Jamani, jioni zile za nyumba yao, wakibishana kuhusu pazia huku chai ikipoa, tunazikumbuka mno.

Walijaliwa watoto watatu na wajukuu watano. Mwaka 2019 alianza kuugua koo, sauti ikakatika, kaka akawa anagomba kwa niaba ya wote wawili, hadi shemeji alipofariki hospitalini alfajiri ya tarehe 3 Februari 2021.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, na majirani waliovumilia kelele. Najua wa kwetu mmepanga kumwacha kaka atulie peke yake, lakini ameniagiza niwaambie kwamba ukimya wa nyumba ile anauogopa, tafadhali nendeni mkabishane naye.

Shemeji, umesema vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.