Neno Alilotwishwa Stela

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Anton, kaa upande wa miguu nikuone. Stela, niachie mkono. Tangu asubuhi umenishika mshipa kama daktari, na mimi sikukuita kama daktari, nimekuita kama mtoto wangu. Nawe shemeji Viktori, hukukanyaga ua huu tangu tulipomzika mke wangu, dada yako Koleta, lakini leo umetoka Urambo ukaja, Mungu akulipe. Vuta kiti. Nisikilizeni, kwa kuwa nikinyamaza sidhani kama nitaanza tena.

Ya mali ni mafupi, maana mali yenyewe ni fupi. Anton, shamba ni lako, na mabani ya kukaushia tumbaku ni yako, ila nakusihi tumbaku uiache kabla haijakumaliza, ulime mahindi na karanga, kwa sababu mimi ujana wangu wote nimekesha nikichochea moto wa bani ili majani yasiharibike, na mpaka leo mzee mzima nashtuka usingizini nikidhani moto umezimika. Mizinga ya msituni muivune pamoja na msigombane. Yule ndama mwekundu ni wa mjukuu wangu Julieth. Basi, mali imekwisha.

Stela, wewe sikugawii shamba. Kwako nina jambo moja, na ndilo linalonifanya nigome kufa.

Ulikuwa mdogo, bado unaogopa giza, mama yako aliposhikwa na uchungu hapa hapa, tukampakia kwenye lori la tumbaku kwenda Tabora, na mvua ilikuwa imekata barabara. Alifia njiani na mtoto wake tumboni, kwenye njia ile ile ambayo Wanyamwezi wanasema babu zao waliipita na meno ya tembo mabegani, na wengi wao wakalala kando yake wasiinuke. Siku ya kuganduka, yaani kuondoa msiba kwa desturi tuliyotoka nayo Burundi, bibi yako Godeliva alikuita katikati ya watu, akakupa mrija wa pombe ya mtama, akasema, "Huyu ndiye atakayewazalisha wanawake wetu, asife tena mwingine kama mwanangu." Ukanywa, watu wakapiga makofi. Mimi mfiwa nilikuwa nimekaa chini, uso nimeuinamisha, na kwetu mfiwa siku ile hana kinywa hata akipigwa. Hivyo ndivyo mtoto mmoja alivyotwishwa wanawake wote wa hapa Ulyankulu.

Ukasoma, ukafaulu, ukawa daktari, na kila ulipopanda ngazi watu walisema, "Ni neno la bibi yake." Sasa chuo kinataka jibu wiki hii, usomee ubingwa gani, wa uzazi au wa magonjwa ya ngozi. Nami nimekuona, mwanangu. Nilikuona pale hospitali umetoka chumba cha upasuaji na kandambili, macho mekundu, unacheka peke yako ukumbini kwa kuwa mtoto aliyezaliwa kimya alikuwa amelia, na uso ule sikuuona kwako hata siku ya harusi yako. Nimekuona pia nyumbani kwako Mtendeni umelala wima, umeegemea friji, na Julieth ameanguka, analia "mama, mama" huku akimkimbilia dada wa kazi, nawe ulisikia, ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mumeo ni mpole, lakini hata mpole huchoka kula peke yake.

Viktori, najua unavyosema, kwamba ngozi ni udaktari wa upele na wa watu wanaopenda kulala, na kwamba hakuna aliyewahi kugongewa mlango usiku kwa ajili ya mba. Nilicheka na mimi. Lakini Sayi, binti wa jirani mwenye ualbino, jua lilikuwa linamla sikio na sisi tunasema ni kidonda tu kitapona, mpaka Stela alipokuja likizo akamwona, akakaa na mama yake kivulini mchana kutwa akimweleza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tusimchagulie mtu kitanda.

Jumapili nilimuuliza Stela, "Mama, unapenda ipi?" Akaniambia, "Baba, sijui kama uzazi naupenda au naogopa tu kuuacha." Wanangu, jibu hilo limeniuma kuliko saratani hii ya koo. Akienda kwenye kazi ile kwa kumwogopa marehemu bibi yake, siku moja mikono itamtetemeka, na atakayekufa ni mtoto wa mwenzetu. Akiiacha na neno bado liko kichwani mwake, kila mama atakayefia njiani kutoka hapa hadi Tabora, Stela atajiona ndiye aliyemuua. Hana pa kutokea! Mwanangu hana pa kutokea, na mimi ndiyo naondoka!

Mtaniambia ahadi ni deni. Naam, ni deni la aliyeahidi, na Stela hakuahidi, alinyweshwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana wote mlipiga makofi. Aliyetwishwa ndoo kubwa hajitui mwenyewe, husimama mlangoni akaita, "Nitueni." Nani amtue huyu, na Godeliva ameshakwenda? Katika ukoo wetu imebaki njia moja ya kumtua mtu neno la marehemu: baba anywe kwa mrija, ameze, ampe mtoto mrija ule ule, na mjomba aseme, "Nimeona, imeshuka." Mjomba asiposema, huo ni ulevi tu.

Kwa hiyo nimekuita, shemeji. Wewe unasema siku ile ya Koleta nilichelewa kutafuta gari, mimi nasema lori lilikwama, na tumebishana mpaka tumeota mvi. Sikuombi tupatane, muda huo sina. Najua pia ungependa Stela abaki na neno hilo, kwa ajili ya dada yako. Nakuomba macho yako tu.

Anton, leta kibuyu. Stela, usianze. Najua. Najua chakula changu kinapita kwenye mpira wa tumboni, najua tangu Kwaresima sijameza hata mate yangu sawasawa, na najua ikienda vibaya inaingia kwenye mapafu. Ingekuwa ni wewe, na ni kwa ajili ya Julieth wako, ungemeza hata kaa la moto. Kaa chini, mama. Ninyanyue mgongo, Anton, hivyo hivyo.

Imerudi. Nifuteni... imetokea puani. Hiyo haihesabiwi, Viktori, usitikise kichwa. Ngojeni nipumue. Naogopa, wanangu, sikujua kwamba mtu anaweza kuogopa funda moja la pombe.

Kabla sijajaribu tena niseme ya mwisho, pumzi isije ikanikatikia. Mnizike kando ya Koleta. Padri akiwa mbali, katekista anatosha. Siku ya kuondoa msiba wangu asitwishwe mtoto yeyote neno lolote, kunyweni, imbeni, mwende majumbani kwenu. Anton, Mungu akupe mvua kwa wakati wake na mke asiyechoka kukucheka. Stela, Mungu akupe kazi utakayoiendea kwa miguu yako mwenyewe. Ukichukua uzazi, uuchukue kwa kuupenda; ukichukua ngozi, ulale usingizi wako na usiiote ile barabara. Usiniambie ni ipi. Mungu awafunike wote wawili... awafunike na watoto wenu.

Mrija. Viktori, sogea, tazama hapa kooni, usitazame pengine.

Stela... shika. Nyonya, mama. Nyonya upesi. Haya.

Shemeji. Imeshuka? Mimi sijui, hapa pote pamekufa ganzi... kifua kinawaka. Wewe ulikuwa unatazama. Usimtazame Stela, nitazame mimi. Anton, usiniletee maji. Viktori... dada yako alikuwa na binti mmoja tu. Sema. Hata kwa sauti ndogo... sema umeona.