Fundi Sabiti na Breki ya Bunduki ya Jilala

Baada ya miaka ishirini katika karakana ya mgodi wetu hapa Geita, Fundi Sabiti Zamoyoni anastaafu tarehe 30 Novemba 1957. Alikuja kutoka Tabora kupaka mashine grisi, na anaondoka akiwa fundi mkuu wa kukereza vyuma. Pampu, winchi, magurudumu ya toroli za mawe, vyote vimepita mikononi mwake.

Ni mtu wa utani. Ukigusa spana zake bila ruhusa, atakuamkia shikamoo mchana kutwa, hata kama wewe ni mdogo wake kabisa, mpaka uzirudishe kwa aibu. Mimi nimeamkiwa hivyo zaidi ya mara moja.

Lakini wafanyakazi wakianza kumzungumzia Fundi, huishia kwenye bunduki ya Jilala.

Jilala, mwenyeji wa Didia, ndiye mwindaji anayewalinda wakata magogo wetu katika msitu wa upande wa Runzewe, wenye nyati wakali. Mwaka 1951 alianguka kutoka kwenye lori, akavunjika mtulinga. Mfupa uliunga, ila bunduki yake kubwa ilikuwa na teke la nguvu begani, na kila alipofyatua alikaa chini kwa maumivu. Ofisi ikamwambia kwamba kama hawezi kupiga risasi tena, arudi kwao. Wakata magogo nao wakasema bila Jilala hawaingii msituni.

Injinia akaagiza kipande kifupi cha chuma chenye matundu ubavuni, cha kufungwa kwenye mdomo wa mtutu. Moshi wa baruti hutokea pembeni, teke likapungua. Karakana tulikiita breki. Kazi ya kukifunga akapewa Sabiti.

Alikata hesi, yaani mikato ya skrubu, kwenye ncha ya mtutu, akafunga breki. Kwa macho yetu kazi ilikuwa imekwisha. Yeye akapitisha ndani ya mtutu ufito wa chuma ulionyooka, akachungulia. Ufito ulikuwa umelalia upande mmoja wa tundu la breki. Alikuwa amepima kwa ngozi ya nje ya mtutu, kumbe tundu la ndani halikuwa katikati. Risasi ingegusa breki, na breki ingepasuka usoni mwa Jilala.

Akaikata ncha ile, akaanza upya, safari hii akipima kwa tundu lenyewe. Kisha akalipunguza bega la hesi, pale breki inapogota, kidogo kidogo, maana breki ilikuwa ikikaza matundu yakiwa yametazama chini, nayo yalitakiwa yalale sawa kushoto na kulia. Alipotuita tuchungulie, mwanga ulikuwa umeuzunguka ufito sawasawa pande zote. Tulipokezana kutazama, mmoja mmoja. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Ilibaki kujaribu. Wengine hufunga bunduki kwenye tairi, wakavuta kamba kwa mbali. Sabiti alikataa.

“Ya kwenda begani kwa mtu,” alisema, “ianze begani kwangu.”

Mkewe, Mama Mwasiti, alikuwa ameleta chakula. Aligeuka akatazama ukuta. Fundi akafyatua, akabaki amesimama, akampa Jilala.

Jilala alifyatua akiwa amefumba macho. Halafu akaishusha bunduki, akafungua chemba kutazama, asiamini kwamba risasi imetoka.

“Fundi, hii imelia peke yake,” alisema. “Mimi haijanigusa.”

Wiki ile ile magogo yalianza kuletwa tena, na Jilala yuko kazini hadi leo.

Baada ya hapo wawindaji wengi walileta bunduki zao zifungwe breki, na kila moja risasi ya kwanza aliipiga Sabiti. Breki hupunguza teke, lakini mlio humrudia mpigaji. Sikio lake la kushoto sasa halisikii kitu. Hakumwambia mtu, ni Mama Mwasiti aliyetuambia mwezi huu, wakati wa kupanga sherehe. Jilala alikuwepo. Alilia mbele yetu sote bila kujificha.

Fundi Sabiti, karakana nzima inakushukuru. Wewe na Mama Mwasiti mfike Tabora salama, mpumzike kwa afya na amani. Sisi tutakupigia makofi, uyasikie usiyasikie. Jilala ameomba kiti cha upande wako wa kulia, karibu kabisa, akuambie wabeja, asante ya Kisukuma, kwenye sikio lililobaki.