Lugha ya Kuombea

Jumanne, tarehe nne Juni, Bellville, nje kidogo ya jiji la Cape Town, iliamka na mvua ya baridi. Katika treni ya kwenda Cape Town, ndani ya behewa ambamo abiria husali pamoja safarini, Bi Magrieta Fortuin alimsikiliza jirani yake wa kiti, mama kijana aitwaye Chanelle, akiomba kwa Kiafrikana, lugha ya nyumbani kwao, mpaka machozi yakamtoka. Baada ya amina, Chanelle akamweleza kwamba jioni hiyo wazazi watapiga kura katika shule ya mwanawe, na yeye alitaka darasa la Kiafrikana lifungwe ili mwanawe asome kwa Kiingereza.

"He! Mungu unamlilia kwa Kiafrikana, mtoto unamnyima?" Bi Magrieta akamuuliza.

"Mama, Mungu haniulizi vyeti. Waajiri wanauliza."

Watu wakacheka. Bi Magrieta naye akacheka kidogo. "Mwanangu alisema hivyohivyo," akasema. "Akaahidi kwamba lugha watoto wataipata nyumbani. Leo nikimwombea mjukuu wangu, ananitazama kama anayesikiliza redio ya nchi nyingine."

Treni ilipopunguza mwendo Chanelle akasimama, akashika bomba la kujishikilia.

"Kura yangu ni ya Kiingereza, Mama, sikufichi. Lakini kila usiku nitasali na mwanangu kwa Kiafrikana. Ninyi nyote ni mashahidi."