Gari Jeusi Limpeleke Mama Zam Koboko

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mama Zam anastaafu baada ya kuitumikia gereji yetu ya hapa Oli, mjini Arua, kwa miaka ishirini na minane. Kamati ya sherehe iliniomba niandike maneno machache ya furaha yasomwe kabla ya chakula. Ya furaha yapo mengi na nitayaandika. Lakini kamati inisamehe, lipo jambo moja lisilo la furaha hata kidogo, na siwezi kumuaga mama huyu huku nimelimeza.

Kwa wageni wasioifahamu kampuni yetu: tunakodisha magari ya harusi, ya mazishi, na ya wakubwa wanaopanda Arua Hill kwa mikutano. Kazi ya Mama Zam imekuwa kuondoa utando. Hilo ni jina letu la ile mikwaruzo myembamba ya mviringo inayoonekana juani kwenye rangi ya gari, hasa gari jeusi, kama buibui aliyelala kwenye boneti na kuacha nyumba yake hapo. Hauondoki kwa maji. Unaondoka kwa dawa, sponji na subira, kwa mkono au kwa mashine, mpaka ngozi ya juu ya rangi ilainike tena. Ratiba mliyoshika inamwita "mwosha magari". Kuosha magari ni kazi ya heshima, ila siyo kazi yake, na aliyepiga chapa ratiba hii anapita mbele ya Mama Zam kila asubuhi.

Mama Zam ni mtoto wa askari wa Koboko. Alipokuwa msichana baba yake alimfundisha kung'arisha buti: kitambaa kwenye vidole viwili, duara dogo, duara dogo, mpaka uone meno yako kwenye ngozi. Alipoajiriwa hapa akapewa gari jeusi la mgeni, naye akalisugua kama buti za baba. Kivulini liling'aa. Lilipotolewa juani, boneti yote ilikuwa utando. Yeye mwenyewe huisimulia hadithi hii kwa kicheko, na huigiza jinsi alivyojificha chooni mgeni alipokuja. Fundi Ladu, aliyekuja kwetu kutoka Yei, hakumkaripia. Alimwonyesha kusugua kwa mistari iliyonyooka, kujaribu kwanza sehemu ndogo, na kutoamini rangi yoyote kabla haijaonja jua. Mashine ilipoletwa, walisema mwanamke hataiweza. Walioijaribu kabla yake waliikalisha mahali pamoja mpaka rangi ikaungua. Yeye aliitembeza taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni.

Adui yake mkubwa alikuwa kitambaa kikavu. Madereva wetu, Mungu awalinde, wana ugonjwa wa kutotaka kufika mjini na vumbi. Wakitoka njia za udongo husimama kabla ya kuingia Arua, hutoa kitambaa chini ya kiti na kulifuta gari kavu ili lionekane safi. Vumbi letu ni mchanga. Ukilisugua kavu ni kama kupiga msasa. Mama Zam alikuwa akiwasubiri getini.

"Wewe Tahiru! Toa hiyo kitambaa. Wewe unafuta gari ao unakwaruza?"

"Mama, mimi najaribu tu kutoa vumbi kidogo."

"Uso yako unaosha na mchanga? Haya, leta."

Tahiru alianza kukificha ndani ya kofia. Mama Zam alimvua kofia mbele ya wateja. Vitambaa vyote alivyonyang'anya alivishona vikawa mto, na mto huo ndio ninaoukalia hapa stoo ninapoandika haya. Ni mto mzuri sana. Ndani yake, nafikiri, kipo kitambaa cha kila dereva, pamoja na cha mume wangu Siraji.

Sasa nifike kwenye hilo jambo.

Siraji aliliendesha gari letu jeusi, ile Land Cruiser ndefu, tangu lilipofika jipya. Alikuwa na tabia ya kuligonga mlango mara mbili kwa kiganja kabla ya kuingia, kama anabisha hodi. Mwaka jana, Alhamisi asubuhi, alifariki hospitalini, na ilibidi azikwe kwao Ludara siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri. Tuliomba gari lake limpeleke. Meneja wetu, Bwana Moris, alikataa. Alisema Jumamosi kuna harusi, njia ya Ludara ni vumbi na miiba, na bibi harusi hakulipia vumbi la makaburini. Alisema hayo mbele yangu. Nilikuwa nimekaa chini, pale mlangoni pa stoo.

Mama Zam ndiye aliyejibu. Alikuwa bado na sponji mkononi.

"Gari iende. Vumbi iko kazi yangu, si yako. Jumamosi bibi harusi ataona uso yake kwa mlango."

Akakunja viti vya nyuma yeye mwenyewe. Jeneza likaingia, na Siraji akaenda kwao ndani ya gari lake.

Kule Ludara shemeji yangu Nasur aliliona gari lile jekundu kwa vumbi, akaona ni aibu kaka yake kuletwa hivyo. Akavua kilemba chake na kuanza kuifuta boneti. Kavu. Duara, duara, duara, huku machozi yanamtoka. Wazee wengine wakamsaidia kwa mikono ya kanzu. Nilimtazama Mama Zam. Mwanamke huyu aliyemvua Tahiru kofia mbele ya wateja alisimama pembeni, mikono kifuani, akawaacha wafute gari lote.

Ijumaa umeme haukuwepo Arua, mashine ikalala. Alilifanya gari zima kwa mkono. Alilimwagia maji mengi kwanza, kisha dawa, sponji, mstari baada ya mstari, na kila alipomaliza kipande alituita tulisukume gari juani aone. Jumamosi bibi harusi alijitengeneza shela akijitazama mlangoni. Ulibaki mkwaruzo mmoja tu, mlango wa nyuma, pale mwiba wa Ludara ulipozama. Mama Zam aliupapasa kwa kidole akauacha. Alisema rangi pale imebaki nyembamba, akiendelea atatoboa.

Mkwaruzo huo, ndugu zangu, ndio uliotufikisha hapa tulipo leo. Wote mnajua desturi ya hapa: anayestaafu hupelekwa kwake na gari jeusi, likiwa limeng'arishwa, polepole katikati ya mji, honi zikilia. Mama Zam amewang'arishia wote waliotangulia, hata wale waliomcheka. Juzi tumeambiwa yeye atapelekwa Koboko kwa pikapu ya mizigo, kwa sababu "hakulinda mali ya kampuni". Hakulinda! Nani basi aliyelilinda? Kila siku ya miaka hiyo yote wateja wamelisifu gari hilo, na Bwana Moris amezipokea sifa hizo akitabasamu kama vile alishika sponji yeye.

Mimi si mtu wa maneno makali. Nimesoma kiasi cha kuandika daftari la stoo, na Siraji alikuwa akinitania kwamba hata kuku nawafukuza kwa adabu. Kwa hiyo naomba kwa adabu. Bwana Moris, umekaa mstari wa mbele na ufunguo uko mfukoni mwako. Tahiru amevaa shati jeupe tangu asubuhi. Gari liko nje, na aliyeling'arisha jana ni Mama Zam mwenyewe, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia apumzike. Pikapu haitawashwa. Madereva wamekubaliana hivyo, wote. Tunakungoja wewe tu.

Mama Zam, ahsante kwa kazi, kwa makaripio, kwa mto, na kwa Alhamisi ile. Mungu akupe afya, usingizi mzuri, na jua la kutosha kuona kila kilicho chema kwako. Panda kiti cha nyuma, upande wa mlango ule wenye mkwaruzo, na kabla hujaingia uugonge mara mbili. Ukifika Koboko majirani watatoka na vitambaa kulifuta gari kwa heshima yako. Waache wafute. Kuanzia kesho utando ni kazi yetu.

Sadiya, stoo