Mpangaji Sugu wa Malisho

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao nje ya kibanda cha fundi baiskeli, na mwisho wa benchi umechomoza msumari. Anayechelewa ndiye anayeukalia. Ijumaa hiyo alichelewa Ng'ombe Nane, mfugaji, anayeitwa hivyo kwa idadi ya mifugo yake. Malisho yake yamevamiwa na gugu la majani mapana lenye mzizi kama karoti: ulikate leo, keshokutwa linakuchungulia. Kijiwe kimelibatiza Mpangaji Sugu. Kulipiga dawa haiwezekani, maana yeye na mkewe wamesubiri miaka mitatu kupata hati ya kilimo hai, na tone moja tu la dawa linaifuta.

— Mama watoto kachoka, alisema Ng'ombe Nane. Kijiwe kisipotoa jibu leo, kesho asubuhi anampigia kaka yake aje na bomba la dawa.

— Shemeji yako yule? Spana, fundi baiskeli, aliguna. Akishika bomba hata kuku hawaponi!

— Tulieni, alisema Profesa, kinyozi ambaye hajawahi kumfundisha mtu chochote. Mwezi uliopita si tuliling'oa wote? Si niliwaambia bandu bandu huisha gogo, tukaikatakata mizizi vipande vipande?

— Tuliikatakata, alisema Ng'ombe Nane. Sasa magugu ni mengi kuliko mwanzo.

— Hayo yanaaga, bwana.

Mama Birika, muuza kahawa, akamjazia Ng'ombe Nane kikombe bila kuulizwa. Alimwonea huruma.

— Dawa ya moto ni moto, alisema Spana. Tafuta gugu kali zaidi, lipande, lipigane nalo.

— Na hilo likishinda?

— Unatafuta la tatu!

— Wewe kaa na matairi yako, alisema Profesa. Hili ni la kunyoa. Mjomba wangu nimemnyoa kila wiki miaka kumi, leo hana unywele hata mmoja.

— Mjomba wako ana kipara cha ukoo, alisema Mama Birika.

— Basi geuza shamba juu chini! Spana alikuwa amesimama sasa, mpira wa ndani wa tairi shingoni. Udongo wa juu uende chini, wa chini uje juu. Likiota, linaota kuelekea kuzimu!

Ng'ombe Nane alicheka, kisha akajizuia akiwaza atalieleza vipi hilo nyumbani.

Hapo akatokea mwanamke mmoja mwenye buti za mpira, amefuata baiskeli yake.

— Karibu dada, mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Spana.

Mwanamke alikuwa ameyasikia yote, tangu ile mizizi ya vipande.

— Samahani kaka zangu. Vile vipande vya mizizi mlivitupa wapi?

Spana akaanza kukagua mpira uliokwisha kuzibwa. Profesa akapuliza kahawa iliyopoa zamani. Ng'ombe Nane ndiye aliyekuwa na jibu, na aliona aibu kulitoa.

— Kwenye lundo la samadi.

— Na samadi?

— Imemwagwa juzi. Malisho yote, mpaka kwenye kona za uzio.

Mwanamke hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Ng'ombe Nane zaidi.

— Pole, kaka. Kila kipande ni mche. Ling'oe na mzizi mzima udongo ukiwa na unyevu, kabla halijatoa mbegu. Uanike juu ya bati mpaka ukauke kau. Palipobaki wazi, panda nyasi upesi. Sisi lilitutoa jasho misimu miwili, lakini lilihama.

Akapanda baiskeli, akaenda zake.

— Si nilisema? Bandu bandu! Profesa alijipiga kifua.

— Kazi naiweza, alisema Ng'ombe Nane, na kweli aliiweza. Mikono ilikuwa inamwasha kwa kutaka jembe. Ila, akaongeza, samadi ile aliibeba mama watoto, ndoo kwa ndoo, siku nzima, mgongo ukamlaza. Nani kati yenu atakuja kumwambia kwamba alikuwa anapanda magugu?

Profesa akakumbuka ana mteja. Spana akaingia kibandani kutafuta kitu. Mama Birika akainamisha birika, likatoka tone moja.

— Kahawa imekwisha, baba.

Ng'ombe Nane akainuka, msumari ukamshika suruali. Pale kijiweni, ni huo tu uliojaribu kumzuia asiende peke yake.